Nani alisimama kando ya Bwanga?

Mwaka 1973 jarida la Ufaransa la France Football lilimchagua Bwanga Tshimen wa Zaire kuwa mwanasoka bora wa Afrika. Alikuwa beki wa kati. Tangu siku hiyo tuzo ya bara, kwanza ya jarida hilo na baadaye ya CAF, imewapitia washambuliaji, viungo na hata makipa kama Thomas N'Kono wa Cameroon na Badou Zaki wa Morocco. Haikurudi kwa beki hadi Novemba 2025, alipoichukua Achraf Hakimi. Ilichukua miaka 52.

Hapa Goma jina la Bwanga linajulikana hata kwa vijana wasiowahi kuiona picha yake. Lakini uliza pale Birere au Katindo nani alicheza kando yake, na watu hutazamana. Atatokea mzee mmoja, tena aliyeishi Kinshasa enzi hizo, atakuambia: Lobilo Boba, wa Vita Club. Wengine wataitikia kwa adabu, kisha mjadala utarudi kwa Bwanga.

Ndivyo tunavyowajadili mabeki kwetu: tunamtaja mmoja na kudhani tumewataja wawili. Swali la jozi ipi ya mabeki wa kati ni bora kuliko zote, katika Leopards, timu yetu ya taifa, na katika ligi za majirani zetu tunazozifuata usiku na mchana, linageuka kuwa swali la beki gani ni maarufu zaidi, na hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Hoja yangu ni kwamba jozi hupimwa kwa yule wa pili: huyo asiyepewa tuzo, asiyevaa kitambaa cha unahodha, ambaye akibadilishwa ndipo tunapogundua alikuwa anafanya kazi gani.

Kabla ya majina, tuseme kidogo juu ya mizani, maana Goma ina mizani yake. Viwanja vingi vya mitaani hapa vimekaa juu ya mawe ya Nyiragongo. Ukilala chini kumkata mshambuliaji kwenye changarawe ya volkano, unainuka umeacha ngozi ya paja. Kwa hiyo mtoto anayejifunza ubeki Ndosho au Mugunga hujifunza kubaki wima, kusoma pasi kabla haijapigwa na kumsukuma mpinzani kuelekea pembeni. Ndiyo sababu mashabiki wetu humdharau beki anayejitupatupa hata kama televisheni inamshangilia. Nadhani wako sahihi. Kujitupa ni dalili kwamba umeshachelewa, na mara nyingi aliyechelewa alikuwa hana mwenzake wa kumfunika mgongo.

Turudi mwaka 1974. Safu ya nyuma ya Zaire ilikuwa hivi: Kazadi Mwamba golini, Mwepu Ilunga kulia, Mwanza Mukombo kushoto, Bwanga na Lobilo katikati. Wanne kati ya hao watano, yaani kipa, mabeki wa pembeni wote wawili na Bwanga mwenyewe, walitoka klabu moja, TP Englebert ya Lubumbashi, hii tunayoiita leo TP Mazembe. Ile klabu ilikuwa imeshatwaa ubingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 1967 na 1968. Lobilo peke yake ndiye alikuwa wa Kinshasa, tena wa Vita, mabingwa wa Afrika wa 1973. Fikiria kazi hiyo. Unaingizwa katikati ya ukuta wa watu wanaojuana kwa miguu na kwa sauti, watu wa klabu hasimu, na unatakiwa usionekane umepachikwa. Hakuonekana. Mimi naona hilo peke yake linatosha kumpa Lobilo nafasi kwenye mjadala huu, hata kabla hatujahesabu mabao.

Tukihesabu, mambo yanakuwa magumu. Katika raundi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Dunia, Zaire iliifunga Zambia 2-0 ugenini na 2-1 nyumbani, kisha ikaichapa Morocco 3-0 Kinshasa mwezi Desemba 1973. Morocco wakagoma kucheza marudiano. Mechi tatu, bao moja la kufungwa, na nchi ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara ikaenda Kombe la Dunia. Huo ni ulinzi wa daraja la juu.

Kombe la Afrika la Misri, Machi 1974, linasimulia kitu kingine. Zaire ilitwaa kombe, na sote tunaimba mabao tisa ya Ndaye Mulamba. Nani anakumbuka upande wa pili wa daftari? Guinea waliifunga Zaire bao moja, Congo-Brazzaville mawili na kushinda mechi, Mauritius moja, Misri mawili katika nusu fainali, Zambia mawili katika fainali iliyoisha sare. Mechi pekee ambayo Zaire haikuruhusu bao ilikuwa fainali ya marudio, 2-0 dhidi ya Zambia hao hao. Mabao manane katika mechi sita. Timu iliyofungwa hivyo ilihitaji mtu wa kufunga mabao tisa, na Mungu akaijalia.

Je, hilo linawashusha Bwanga na Lobilo? Kidogo, ndiyo. Ila mpira wa wakati ule uliachia nafasi kubwa, viungo hawakurudi nyuma kwa nidhamu tunayoiona sasa, na Zaire ya kocha Blagoje Vidinić ilipenda kushambulia. Mabeki wawili walilipa deni la wenzao wanane. Ninachokiheshimu zaidi ni kwamba ile fainali ya marudio, mechi ya sita, miguu ikiwa imechoka, ndiyo waliyofunga mlango.

Kisha kuna Gelsenkirchen, katika Kombe la Dunia la Ujerumani. Yugoslavia 9, Zaire 0, tarehe 18 Juni 1974. Hakuna anayetaka kuizungumzia, lakini uchambuzi wa mabeki hauwezi kuiruka. Siku nne kabla, safu hiyo hiyo ilikuwa imefungwa mawili tu na Scotland huko Dortmund, yote kipindi cha kwanza. Siku nne baadaye ilifungwa matatu na Brazil, waliokuwa mabingwa watetezi na ambao walihitaji hasa mabao hayo matatu ili wasonge mbele. Mabeki wanne walikuwa wale wale katika mechi zote tatu. Kilichobadilika siku ya Yugoslavia ni vichwa vyao. Wachezaji walikuwa wamegundua kwamba posho zao hazitafika, wakafikia hata kutishia kugoma. Mabao matatu yalishaingia kabla ya dakika ya 20. Kocha akamtoa Kazadi dakika ya 21 na kumwingiza Tubilandu Ndimbi, ambaye mpira wa kwanza alioushika ulikuwa unatoka wavuni. Dakika hizo hizo Ndaye akapewa kadi nyekundu kwa kosa la Mwepu, kwa hiyo zaidi ya saa moja ilichezwa na watu kumi. Jozi iliyofungwa mawili, tisa, kisha matatu, kwa majina yale yale, haikusahau kucheza katikati ya juma. Iliachwa peke yake. Ukitaka kuwahukumu kwa tisa, wahukumu pia kwa mbili na tatu.

Hapa nitachepuka hadi kwenye barafu, kwa sababu kuna mchezo mmoja ambao umelitatua swali letu vizuri kuliko sisi. Katika hoki ya barafu ya kulipwa ya Marekani na Canada, mabeki huingia uwanjani wawili wawili na kutoka wawili wawili, wakipokezana kila baada ya muda usiofika hata dakika moja. (Mchezo wenyewe si mgeni kabisa kwetu: Nairobi kuna uwanja wa barafu katika hoteli ya Panari, na kikosi cha Ice Lions kinaucheza.) Hesabu yao ni rahisi. Timu yako ikifunga wakati uko uwanjani unaongezewa moja, ikifungwa unapunguziwa moja. Mabao yanayofungwa na timu iliyozidi watu baada ya adhabu hayahesabiwi. Katika msimu wa 1970-71 Bobby Orr wa Boston alimaliza na jumla ya 124, rekodi ambayo haijavunjwa. Kila mpenzi wa mchezo huo analijua jina la Orr. Mwenzake, Dallas Smith, alimaliza msimu huo huo na 94, na wachache sana wanamjua. Lakini daftari linamjua. Huwezi kuwa na 94 kwa kubebwa. Mtu alibaki nyuma kila Orr alipopanda mbele.

Lobilo hana daftari la namna hiyo. Soka ya Afrika ya 1974 imeacha matokeo, wafungaji na picha chache. Kazi ya beki wa pili haimo humo, na ndiyo sababu mjadala wetu unaelemea upande mmoja.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Leopards walipata nafasi ya tatu katika Kombe la Afrika la Burkina Faso mwaka 1998, wakitoka nyuma 4-1 dhidi ya wenyeji hadi 4-4 na kushinda kwa penalti, lakini mechi ya mabao manane si mahali pa kutafutia mabeki. Wa kuzungumziwa ni Joël Kimwaki wa Mazembe. Alikuwemo Abu Dhabi mwaka 2010, katika Kombe la Dunia la Klabu, Mazembe ilipoifunga Pachuca 1-0 na Internacional ya Brazil 2-0 bila kuruhusu bao, kabla Inter Milan hawajashinda fainali 3-0. Alikuwemo tena 2015, Mbwana Samatta alipokuwa akifunga na Mazembe ikaibwaga USM Alger mechi zote mbili za fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mwaka huo huo huko Bata, katika Kombe la Afrika, Leopards wakiwa nyuma 2-0 mbele ya Congo-Brazzaville, ni yeye aliyefunga bao la tatu katika ule ushindi wa 4-2. Februari 2016 akanyanyua kombe la CHAN jijini Kigali kama nahodha, na mtu wa Goma aliyevuka mpaka aliweza kufika uwanjani kwa basi.

Lakini nani mwenzake Kimwaki? Kwa vipindi tofauti alikuwa Stoppila Sunzu wa Zambia, Salif Coulibaly wa Mali, na Gabriel Zakuani katika timu ya taifa. Wote mabeki wazuri. Hakuna hata mmoja aliyedumu naye hadi majina mawili yakatamkwa kwa pumzi moja. Namweka Kimwaki katika orodha ya mabeki wakubwa. Katika orodha ya jozi, hapana.

Kwa jozi zilizodumu inabidi twende Dar es Salaam. Nadir Haroub, Mzanzibari aliyepewa jina la Cannavaro, na Kelvin Yondani aliyetokea Simba mwaka 2012, walisimama pamoja Yanga na Taifa Stars kwa misimu kadhaa, na Yanga ilitwaa ubingwa 2013, 2015, 2016 na 2017. Watanzania wana neno kwa beki wa namna hiyo, beki kisiki. Hao walikuwa visiki viwili. Walikuwa jozi halisi kwa maana ya kwamba ukimwona mmoja unamtafuta mwingine. Udhaifu wa hoja yao ni kipimo: ligi ya ndani haikuwabana sana, na nje ya mipaka Yanga ya miaka ile haikufika mbali. Hata kutengana kwao katika timu ya taifa hakukuwa kwa sababu ya mpira. Cannavaro alijitoa Taifa Stars mapema 2016 baada ya unahodha kupewa Samatta.

Simba ya 2020-21 ndiyo iliyopita mtihani wa nje, kisha ikafeli mtihani mmoja vibaya. Pascal Wawa wa Ivory Coast na Joash Onyango wa Kenya walikuwa chaguo la kwanza katikati, mbele ya Aishi Manula. Simba iliifunga AS Vita 1-0 pale Kinshasa, jambo lililotuuma wengi, ikaifunga Al Ahly 1-0 nyumbani, na ikamaliza kinara wa kundi la Ligi ya Mabingwa ikiwa imeruhusu mabao mawili tu katika mechi sita. Halafu robo fainali, Johannesburg, Kaizer Chiefs 4, Simba 0. Mabao matatu ya marudiano hayakutosha. Ukinishika shati uniulize jozi bora ya klabu katika Afrika Mashariki ya karne hii, nitasema Wawa na Onyango. Mechi sita zina uzito zaidi kuliko usiku mmoja. Yanga wa zama za Dickson Job na Ibrahim Bacca watanipinga, na wana haki ya kufanya hivyo, kwani timu yao ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 na kulikosa kwa kanuni ya bao la ugenini tu. Ila Yanga ile mara nyingi iliwapokeza mabeki watatu, Bakari Mwamnyeto akiwemo. Kura haiwezi kugawanywa hivyo.

Simba pia ndiyo inayotufikisha kwa Henoc Inonga Baka, yule aliyeitwa Varane na mashabiki, aliyetoka DC Motema Pembe mwaka 2021. Novemba 2023 klabu yake ilifungwa 5-1 na Yanga. Miezi miwili baadaye alikuwa Ivory Coast na Leopards kwenye Kombe la Afrika, akisimama na Chancel Mbemba, na bao la pili halikuingia langoni mwa Lionel Mpasi katika mechi yoyote ya mashindano. Zambia 1-1, Morocco 1-1, Tanzania 0-0, Misri 1-1, Guinea 3-1, Ivory Coast 0-1, Afrika Kusini 0-0. Mabao matano katika mechi saba. Linganisha na manane katika mechi sita ya 1974, na saba katika mechi sita ya 2015, na utaona kwamba kwa hesabu tupu ulinzi wa kocha Sébastien Desabre ndio bora kuliko wote tuliowahi kupeleka Kombe la Afrika na kurudi na nafasi ya kujivunia. Walimaliza wa nne, bila medali. Mbemba aliingizwa katika kikosi bora cha mashindano. Inonga, kama ilivyo ada, hakuingizwa.

Mgawanyo wao ulikuwa mzuri kuutazama. Inonga alimfuata mshambuliaji hadi karibu na duara la kati, akila mpira kabla haujatulia. Mbemba alibaki akipanga mstari, akipaza sauti, akipanda mbele kwenye kona. Dhidi ya Guinea Mbemba alisababisha penalti, kisha mwenyewe akasawazisha. Mtu anaweza kufanya makosa ya namna hiyo na kuyafuta kwa sababu nyuma yake kuna mwingine asiyetetereka.

Lakini Goma haiwakumbuki kwa takwimu hizo. Inawakumbuka kwa tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali dhidi ya Ivory Coast, wachezaji walipoziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole vya mkono mwingine kwenye panja kama bastola wakati wa wimbo wa taifa. Siku hizo mapigano yalikuwa yamefika Sake, kilomita kama 25 kutoka hapa. Ninakiri kwamba hilo huwaongezea kura katika mji huu, na sioni vibaya, mradi tuiweke wazi kuwa ni kura ya moyo.

Kuna pingamizi moja kubwa dhidi ya kila nilichosema. Huenda jozi yenyewe ni hadithi tu, na ukweli uko katika safu nzima. AC Milan ya 1993-94 iliruhusu mabao 15 katika mechi 34 za ligi, Franco Baresi na Alessandro Costacurta wakiwa katikati. Wote wawili wakafungiwa fainali ya Ulaya. Milan ikawasogeza Paolo Maldini na Filippo Galli katikati, ikaifunga Barcelona 4-0. Pingamizi hilo nalikubali nusu. Mfumo uliokomaa unaweza kuvumilia mechi moja bila wenye nyumba. Timu zetu hazijawahi kuwa na mfumo wa kukomaa hivyo, kwa hiyo kwetu watu wawili wanabeba zaidi. Mwangalie Mbemba mwenyewe: Cédric Mongongu, Zakuani, Marcel Tisserand, Christian Luyindama, Inonga. Beki aliyecheza Newcastle, Porto na Marseille amebadilishiwa mwenzake mashindano baada ya mashindano. Katika Kombe la Afrika la 2019 Leopards walifungwa 2-0 na Uganda na 2-0 na Misri, na nahodha wetu wa leo alikuwa kwenye kikosi kile kile.

Sasa mwenzake ni Axel Tuanzebe, mzaliwa wa Bunia aliyelelewa Uingereza na Manchester United. Naishia hesabu yangu Novemba 2025. Septemba hiyo, katika kufuzu Kombe la Dunia, Leopards waliongoza 2-0 mbele ya Senegal jijini Kinshasa wakafungwa 3-2, jambo ambalo jozi yoyote inapaswa kulionea aibu. Miezi miwili baadaye, Rabat, Cameroon 0-1, bao la Mbemba dakika za nyongeza, kisha Nigeria 1-1 na ushindi wa penalti, ya mwisho ikipigwa na yeye. Dakika 210, bao moja la kufungwa.

Kura yangu, basi. Jozi bora ya Leopards ni Bwanga na Lobilo: walifuzu, walitwaa kombe, na walisimama pamoja mechi zote tatu za Ujerumani, hata ile mbaya. Mbemba na Inonga wa pili, wakiwa na hesabu nzuri zaidi lakini mashindano makubwa ya mara moja tu. Mbemba na Tuanzebe siwapangi bado. Wakidumu pamoja miaka miwili bila kocha kuwatenganisha, nitaichana karatasi hii na kuandika nyingine. Na kama upo msomaji aliyemwona Lobilo Boba akicheza kwa macho yake, tafadhali iandike mechi hiyo yote unavyoikumbuka, uihifadhi.